Vinatoka au Vimepumzika?

Siku yangu ya kwanza kazini, Mnyapara wa Usafi wa mji wa Iringa alinikabidhi mkokoteni, kamba ya katani na gogo lenye mnyororo, kisha akaniambia nisiguse hata kimoja mpaka anifundishe kupiga hodi. Nilikuwa kijana wa mabega, nimeshuka juzi tu kwenye lori la mbao kutoka Njombe, na nilidhani nimeajiriwa kwa ajili ya mabega hayo. Hodi niliijua tangu utoto. Nikacheka. Mnyapara alikuwa askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, na hakuwa mtu wa kuchekwa.

"Wewe Mbena unafikiri hodi ni ya mlango?" akasema. "Hodi ni ya kitu. Kila kitu kikubwa ndani ya nyumba kina mwenyewe. Kitanda kina mwenyewe, kabati lina mwenyewe. Usipomjua, usikibebe."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kazi yetu ilikuwa kutoa majumbani vile vitu ambavyo mama hawezi kuvitupa kwa ungo: vitanda vilivyovunjika, makabati yaliyoliwa na mchwa, magodoro, mapipa yaliyotoboka, majiko ya chuma ya Uzunguni. Gari la taka halikuwapo. Lori la Serikali lilikuwa la barabara na la Bwana Shauri, afisa wa wilaya, na sisi tulilitazama likipita. Wajukuu zangu husema kwamba huwezi kuondoa kochi bila gari, kwa hiyo wanaliacha uani mpaka kuku wanataga ndani yake. Nikisikia hivyo huwa nakasirika kidogo, na ndiyo sababu nimekaa kuandika haya.

Kosa la watu wa siku hizi ni kutaka kutupa kitu kizima. Sisi tulikifungua kwanza, palepale nyumbani kwa mwenyewe. Kitanda, kwa mfano, kina matendegu, yaani miguu. Kina mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni. Na kina vitakizo, mbao fupi za kichwani na miguuni. Ukigonga kabari zake kwa subira, kinaachia chenyewe, na kitanda kilichojaza chumba kinakuwa mzigo wa kubeba begani. Mwenye pupa alikipiga shoka. Mnyapara alimkaripia mtu wa namna hiyo mbele ya wote, kwa sababu mbao zilizopasuliwa ovyo hazina kazi tena.

Maana si kila kilichotoka nyumbani kilikwenda jaani. Chuma tulikipeleka kwa mhunzi. Mbao nzima tuliwapa mafundi, na zilizooza zilikwenda kwa mwoka mikate awashie tanuri lake. Mabati yalichukuliwa na mafundi wa koroboi. Vioo tulivizika kwenye shimo lake peke yake. Kilichobaki baada ya hapo ndicho tulichokiita taka, nacho kilikuwa kidogo kuliko mnavyofikiri.

Kupakia nako ni elimu. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, mkokoteni unakunyanyua na kukuning'iniza kama shati kwenye kamba. Ukikaa mbele mno, unakuvunja mgongo. Unautafutia mahali pake kwa kuinua mikono ya mkokoteni taratibu mpaka uone umekuwa mwepesi. Lile gogo la mnyororo tuliliita mkia. Iringa, kama mnavyojua, imekaa juu ya kilima kama kofia, na ukiteremka upande wa Ipogolo na jiko la chuma bila mkia nyuma, hufiki mzima. Gogo linaburuzwa, linakwaruza barabara, linaupunguza mwendo. Watu wa bondeni walikuwa wakisikia mkwaruzo wake wanasema, "Haya, wenye mkia wanakuja." Tulilizoea jina hilo.

Bwana Afya wa Iringa, mkubwa wetu wa ofisini, alitupa sheria moja tu, na alitukaririsha kila Jumatatu: kilichoingia jaani hakirudi mjini. Mwanzoni niliiona ni roho mbaya. Watu walikuwa maskini, na kule jaani unaona kiti kinafaa kabisa. Kisha tulichoma magodoro ya watu waliokufa kwa kifua kikuu, na moja halikuungua vizuri kwa sababu ya mvua. Mtu mmoja wa Kitanzini akaja akalichukua, akalianika, akalishona upya. Mwaka uliofuata tuliitwa nyumbani kwake kulitoa godoro lilelile, maana naye alikuwa amekufa kwa kifua. Mkewe alitupokea, akatuambia "Kamwene," salamu ya Kihehe, kwa sauti ya chini, akatuonyesha chumba. Tangu siku hiyo mimi mwenyewe niliilinda sheria ile kuliko Bwana Afya.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Mbeya, nikapandishwa kuwa mnyapara wa mikokoteni. Nilisafiri juu ya magunia ya mpunga kutoka Chimala, nikafika mji umefunikwa na mawingu na mlima Loleza hauonekani kabisa. Mbeya ilikuwa ndogo. Huko mnakokuita Soweto leo kulikuwa na mashamba, na watu walikuja sokoni kutoka milimani na viazi vyao kabla jua halijapata nguvu. Mvua ya kule haiombi ruhusa. Nilijifunza kufunika mzigo kwa turubai hata kama mbingu imetabasamu.

Bwana Afya wa Mbeya alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, mwenye Kiswahili cha darasani kilichonyooka kuliko changu. Alitembea kwa miguu mji mzima, na hakuogopa kuchungulia choo cha mtu yeyote. Nilimheshimu. Lakini alipenda kazi iende haraka, na hapo ndipo tulipopishana. Alianzisha Jumamosi ya Vikubwa: mbiu inapigwa sokoni, watu wanatoa nje vitu vyao vikubwa visivyotakiwa, mikokoteni inapita na kuzoa.

"Na hodi, Bwana?" nilimuuliza.

"Hodi inachelewesha, Festo. Kilicho ndani ni mali. Kilicho nje ni taka. Watu wataelewa."

"Na kama hawakuelewa?"

"Mbiu imepigwa," akasema, na maneno yakaishia hapo.

Na kweli, Jumamosi nyingi zilikwenda vizuri, na mji ukapendeza. Nikaanza kuamini kwamba hodi ya Iringa ilikuwa desturi ya mzee mmoja wa Keya tu.

Katika watu wangu alikuwapo Gwakisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwenye nguvu za maksai na moyo wa mtoto. Jumamosi moja ya mvua ya manyunyu nilikuwa jaani, moto umewashwa shimoni, Bwana Afya yuko pale na mwavuli wake kama kawaida kuangalia uchomaji. Gwakisa na mwenzake wakafika na mkokoteni uliojaa. Tayari walikuwa wameshusha godoro, na mwenzake amelisukuma shimoni. Nikasogea kuwasaidia na kabati.

Kabati lilikuwa limefungwa vizuri kwa kamba. Nilipolitikisa, likalia ndani. Nikafungua mlango wake. Mlikuwa na sahani, vikombe vimepangwa, na kitambaa cha kufuma kimekunjwa juu yake.

"Gwakisa, umetoa wapi hivi?"

"Majengo, nyapara. Nyumba ya seremala. Leo wametoa vyote, mpaka kitanda. Nadhani wanahama."

"Hukumkuta mtu?"

"Mlango umefungwa. Hakuna mtu hata mmoja nyumbani."

Seremala yule nilimjua. Tulimpelekea mbao zetu nzima, na yeye alizipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni zawadi. Siku mbili kabla alikuwa juu ya paa la mtu akipigilia mabati, akateleza, akaanguka, akafa. Asubuhi ile nilikuwa nimeisikia kengele ya kanisa, na nikajua ni ya maziko yake, lakini sikuwaza vyombo.

Sasa nyinyi mnaosoma mnajua mambo ya msiba. Mtu akifa, nyumba inatolewa vyombo vyote nje ili waombolezaji wapate kukaa chini kwenye mikeka. Kitanda, kabati, meza, vyote vinawekwa uani au kando ya barabara mpaka matanga yaishe. Na saa ya maziko watu wote wanakwenda makaburini. Kwa hiyo nyumba ilifungwa, na vyombo vya mama mjane vilikuwa vimesimama nje siku ya Jumamosi ya Vikubwa. Baadaye tulipata kujua kwamba wapishi wa msiba walikuwa uwanja wa jirani, nyuma ya ua wa matete. Walimwona Gwakisa akipakia, wakadhani ni ndugu wa marehemu anaondoa vyombo visinyeshewe. Mmoja wao alimpelekea hata kikombe cha chai. Gwakisa akanywa, akashukuru, akidhani ni ukarimu wa jirani.

Nilimweleza. Akakaa chini kwenye tope, mtu mzima yule, akashika kichwa. "Nimemwibia mfiwa," akawa anasema. "Nimemwibia mfiwa."

Mimi sikuliwaza kabati. Nilimwaza Mama Tumaini, mke wa marehemu. Shemeji zake walikuwa wamefika jana yake kutoka Chimala, na mji mdogo hauna siri: walikwisha kuanza kuulizana nani atakaa katika nyumba ile na nani atachukua vifaa vya useremala. Warudi makaburini wakute uwanja mweupe, watasema nini? Watasema mjane ameficha mali ya ndugu yao hata udongo haujakauka. Mwanamke akishapata sifa hiyo siku ya maziko, haimtoki. Atafukuzwa na watoto wake, na hakuna baraza litakalomsikiliza.

Nikaenda kwa Bwana Afya. Nilivua kofia, mvua ikanipiga.

"Bwana, mzigo huu naomba urudi mjini."

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Umeingia jaani, Festo."

"Ndiyo, Bwana."

"Sheria unaijua, ni ileile ya Iringa. Kikirudi kimoja, kesho watakuja kuchukua vingine, na baada ya hapo nitazika watoto. Wewe mwenyewe uliniambia habari za godoro la Iringa."

Hilo ndilo lililonichoma, maana alisema kweli. Shimoni godoro la Mama Tumaini lilikuwa limeshika moto, sufi yake inatoa moshi mweupe. Nikamweleza msiba, nikamweleza vyombo vinavyotolewa nje, nikamweleza shemeji za Chimala. Alisikiliza yote bila kupepesa.

"Mimi nilisema kilicho nje ni taka," akasema polepole.

"Bwana, hivi havijafa. Aliyekufa ni mwenyewe."

Akageuka akautazama mkokoteni. Mvua ikawa inadondoka kutoka kwenye mwavuli wake. "Marehemu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakuugua, Bwana. Alianguka kutoka kwenye paa."

"Kikohozi? Homa ndani ya nyumba?"

"Hapana. Alikuwa na afya kutushinda."

Alifunga mwavuli, sijui kwa nini, na mvua bado inanyesha. "Leteni dawa ya fenili na maji. Kila ubao uoshwe, kila sahani. Vikauke chini ya turubai. Nikiona tope la jaa hata kwenye ukucha wa kitanda, haviondoki. Na mkirudi, mimi nitakwenda mbele."

Sijapata kuona watu wakiosha vile. Gwakisa aliosha kabati kama mama anavyoosha kichanga, nyuma, chini, ndani ya pembe. Wengine walisugua matendegu. Mimi niliosha vikombe haraka haraka, kwa sababu kengele ya kanisa ililia tena, na nilijua maana yake: wamekwisha kuzika.

Kutoka jaani mpaka Majengo ni kupanda. Watu wa mkokoteni huteremka na mzigo na kupanda watupu. Ndivyo kazi ilivyopangwa. Siku ile tulipanda na mzigo, tope limetushika vifundo, Gwakisa mbele kwenye mikono, sisi wengine tunasukuma kwa mabega. Mkia tuliufungua tukauacha. Bwana Afya alitangulia, kofia mkononi, viatu vyake vimeharibika. Watu wa sokoni walitoka wakatushangaa. Mzungu mbele, mkokoteni wa taka nyuma yake, nao unaelekea majumbani umejaa.

Tulichelewa kidogo. Waombolezaji walikuwa wamefika, na ilikuwa kelele. Mama Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na khanga kichwani, watoto wamemshika, naye halii. Mbele yake alikuwa shemeji yake mkubwa, kidole juu.

"Iko wapi kitanda ya kaka yangu? Iko wapi kabati? Umepeleka kwenu, eh? Sisi tunazika, wewe unahamisha!"

"Shemeji, tulitoka wote. Mimi nilikuwa na nyinyi kaburini."

"Umetuma watu!"

"Ni sisi," Gwakisa akapaza sauti kutoka barabarani, kabla Bwana Afya hajafungua kinywa. "Mama hajatuma mtu. Ni mimi nimechukua."

Bwana Afya akaingia uani, akamwinamia mama, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Kosa ni la ofisi yangu, mama. Nilitoa amri bila kufikiria msiba. Godoro limeungua, na nitakuletea jipya. Vingine vyote viko hapa, vimeoshwa."

Kisha akamgeukia shemeji. Alimtazama tu, mpaka kile kidole kikashuka.

Tulishusha vyombo kimoja kimoja, tukavipanga palepale vilipokuwa vimesimama asubuhi. Kitanda alikitengeneza marehemu mwenyewe kwa mninga, mwaka wa kumwoa mama huyu, na vitakizo vyake alivichonga maua. Mama Tumaini alikuja akaweka kiganja juu ya kitakizo, na hapo ndipo alipolia. Gwakisa alipiga magoti mbele yake akaomba radhi kwa lugha zote alizozijua.

"Inuka, baba," mama akamwambia. "Vilikuwa vimepumzika tu. Wewe hukujua."

Nyumba ile alikaa nayo mpaka watoto wakakua. Shemeji hakurudia tena maneno yale, labda kwa sababu mji mzima ulikuwa umeshuhudia.

Jumatatu iliyofuata Bwana Afya alituita. Alisema Jumamosi ya Vikubwa itaendelea, lakini hakuna kitu kitakachoinuliwa bila kuuliza. "Mtauliza vipi, Festo?" Sikuhitaji kufikiri. Nikamwambia tutauliza kama alivyosema mama: vinatoka au vimepumzika? Na kama hakuna mtu wa kujibu, vimepumzika. Akatikisa kichwa kukubali. Nilijua basi kwamba Mnyapara wa Keya alikuwa ameniambia yote siku ya kwanza, na mimi nikacheka.

Niliporudishwa Iringa nilirudi na swali hilo, na kila niliyemfundisha kazi nilimfundisha hilo kabla ya kamba. Mikokoteni ikaisha, yakaja matrekta, yakaja magari. Nikastaafu, nikajenga Kihesa, nikawa mzee wa kulalamikia makochi ya watu. Nilidhani mambo yetu yamekwenda na sisi.

Mwaka juzi mke wangu alifariki. Nyumba ikatolewa vyombo, vikawekwa kando ya barabara, nami nikakaa mkekani na wenzangu. Ikatokea kuwa ni siku ya taka. Nikalisikia gari linapanda, nikajaribu kuinuka. Gari likasimama. Akashuka binti mmoja mwenye buti na glavu, akavitazama vyombo, akavua kofia, akaingia mpaka ukingo wa mkeka.

"Shikamoo, babu. Vinatoka au vimepumzika?"

"Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza, babu. Ilipotoka mimi sijui."

Nilitaka kumweleza habari za Gwakisa na za mama wa Majengo, lakini gari lilikuwa linamngoja. "Vimepumzika, mama," nikamwambia. Akanipa pole, akapanda gari, wakapita polepole bila honi.

Matanga yalipoisha nilikifungua kitanda chetu mimi mwenyewe. Kilikuwa kimechoka, na peke yangu sikukihitaji. Niligonga kabari kwa subira, nikatenga matendegu, mifumbati na vitakizo, nikafunga kwa kamba kama nilivyofundishwa, nikavitoa kando ya barabara, nikasimama pale. Gari lilipofika, binti yuleyule akashuka. Kila kitu kilikuwa kimefungwa, na mwenyewe nimesimama kando yake, na bado aliuliza.

"Vinatoka," nikasema. Nikashika mfumbati upande mmoja, naye akashika upande wa pili, tukapakia pamoja.